Fungu la Asiyekuwepo

Karata zilikuwa na joto.

Dodo, mgawaji, ndiye aliyezishika kwanza. Alinyoosha mkono hadi mbele ya kiti kitupu, akazivuta zile karata mbili zilizolala kifudifudi, kama alivyofanya kila mzunguko tangu Agosti, na safari hii vidole vyake vikasita. Alizichanganya na nyingine, akaendelea kugawa. Lakini Yunus, ambaye riziki yake ilitokana na kutazama watu wanapodhani hawatazamwi, alimwona Dodo akifuta kiganja kwenye suruali. Mzunguko uliofuata alijifanya kuokota kitu mezani upande ule ili naye aziguse. Zilikuwa na joto la karata zilizoshikwa muda mrefu na mtu anayefikiri. Na kwenye kiti kile hapakuwa pamekaa mtu kwa miezi mitatu.

Akajiambia ni bati. Jumapili ya Novemba, kabla mvua haijashuka, bati la mji wa Likasi linaweza kupasha moto hata mawazo ya mtu. Akacheza, akashindwa, akaenda zake.

Meza yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la vipuri la Mansour, mtaani Kikula, kati ya matairi na madumu ya oili. Mchezo ulianza Jumapili Wakristo wakitoka misa na kumalizika giza likiingia. Mansour hakucheza, kwa kuwa kamari ni haramu. Yeye alichukua asilimia yake tu, na dhamiri yake ikalala usingizi mnono. Waliocheza kila juma ni Augustin, mnunuzi wa mawe ya madini kutoka Kambove, mtu wa tumbo na kicheko, Clotilde, muuza samaki wa jumla kutoka Kapolowe, ambaye sokoni sauti yake husikika hadi mtaa wa pili lakini mezani hakohoi, na Yunus. Wengine walikuwa madereva wa kupita, wenye pesa mfukoni na usingizi machoni, ambao ndio waliokuwa chakula cha wenzao.

Ilikuwa poka ya pesa taslimu. Unanunua jetoni, visahani vya plastiki vinavyosimama badala ya pesa, unapewa karata mbili za siri, nyingine tano zinafunguliwa katikati, na unaweza kuinuka wakati wowote ukabadilisha ulichonacho na kuondoka. Sheria ya nyumba ilikuwa moja, na Mansour aliiandika ukutani kwa chaki: jetoni zikibaki mezani, kiti bado ni cha mwenyewe, na mwenyewe atagawiwa.

Séraphin ndiye aliyekuwa mwenyewe wa kile kiti kitupu. Alikuwa bingwa wao, fundi wa kiwandani aliyestaafu, mtu asiyesomeka usoni. Wengine wakitaka kupitisha zamu bila kuongeza pesa walisema "parole". Yeye aligonga meza kwa kifundo cha kidole cha kati, mara mbili, pigo la kwanza zito, la pili jepesi. Jumapili moja ya Agosti alisimama akiwa na rundo kubwa la jetoni mbele yake, akasema, "Nakuya. Muchunge kiti yangu," akavuka barabara kununua vocha ya simu, na lori lililokosa breki likampitia mbele ya duka.

Ilipasa jetoni zile zibadilishwe siku ileile na pesa zipelekwe kwa mjane wake, Mama Jeancy. Mansour alisema watapeleka baada ya maziko. Baada ya maziko alisema baada ya arobaini. Arobaini ilipopita, meza ilikuwa imenoga, wageni walikuwa wanamiminika, na kila mtu aliogopa kugusa bahati. Basi Dodo akaendelea kumgawia marehemu karata mbili kila mzunguko, kisha kuzivuta bila kuzifunua. Waliita hiyo heshima.

Yunus alikuwa dereva wa lori mpaka goti lake lilipovunjika njia ya Kasumbalesa. Alichobaki nacho ni macho. Alijua kwamba Augustin hutafuna karanga mchezo mzima, na taya lake likisimama ghafla, ujue anadanganya. Alijua kwamba Clotilde akipata karata nzuri hutupa jicho kwenye jetoni zake, haraka sana, kisha huangalia dari kama mtu anayesubiri basi. Mtu mmoja tu alimshinda Yunus kwa kusoma watu, naye alikuwa na miaka saba. Kila jioni Yunus alificha peremende katika ngumi moja, akazinyoosha zote mbili mbele ya binti yake Chadia, na Chadia, bila kuangalia mikono kabisa, alimkazia macho baba yake usoni, akacheka, akataja mkono. Hakukosea hata siku moja. Kisha ilikuwa zamu yake kuficha, na hapo aliuma mdomo wa chini hadi kicheko kikamtoka puani. Yunus alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Hakuwa na kitu kingine cha kuogopa kukipoteza.

Sasa, wacheza karata wana ugonjwa wao. Kushindwa kwa kucheza vibaya hakuumi sana, maana unajua pa kulaumu. Kinachomvunja mtu ni kucheza vizuri na kushindwa. Yunus alikaa Jumapili saba mfululizo akisoma sawasawa na kupoteza. Taya la Augustin lilisimama, Yunus akajua ni uongo, akaweka pesa, na karata ya mwisho ikaja kuugeuza uongo wa Augustin kuwa kweli. Séraphin alikuwa amemwonya zamani kwamba asihesabu siku, ahesabu mwaka. Kwamba kupanda na kushuka ni sehemu ya kazi. Kwamba akipoteza mitaji mitatu siku moja, yaani akinunua jetoni mara tatu na kuzimaliza, aende nyumbani, hata kama anajiona ana haki. Yunus aliishika sheria hiyo ya mitaji mitatu kama swala. Lakini asubuhi ya Jumapili ya nane Chadia alimuuliza kwa nini kikombe chake cha chai kinacheza mkononi.

Siku hiyo mvua ilishuka saa tisa, umeme ukakatika, na Mansour akatundika taa ya sola juu ya meza. Kufikia saa kumi na moja mtaji wa tatu wa Yunus ulikuwa umehamia kwa Augustin. Alisimama aende. Dodo alikuwa amekwisha kugawa, na mbele ya kiti kitupu, pembeni ya rundo la jetoni lenye vumbi, karata mbili zililala zikingoja. Yunus alizitazama. Mvua ilipiga bati hata watu wakawa hawasikiani. Akavuta kile kiti, akakikalia.

"Minye nacheza pa nafasi yake," akasema.

Clotilde alikuwa wa kwanza kuelewa. "Yunus," akasema polepole, "rudia pa kiti yako. Ile hapana ya kuchezea."

Mansour, aliyekuwa mlangoni, alilitazama lile rundo la jetoni lililolala bure miezi mitatu, akawaza asilimia. Akasema acha acheze, atarudisha. Na kwa neno hilo wote walikubali, hata walionyamaza.

Karata zilikuwa na joto. Yunus alizifunua kwa kidole: saba na mbili, rangi tofauti, karata mbovu kuliko zote ambazo mtu anaweza kupewa. Akangoja moyo uzame kama kawaida. Haukuzama. Augustin aliongeza pesa nyingi, akitafuna, na papo hapo Yunus akasikia harufu ya shaba iliyolowa, ile harufu ya sarafu ya zamani uliyoitia mdomoni ukiwa mtoto, na pamoja na harufu akaijua hofu ya Augustin. Karata zake hakuziona. Aliiona hofu yenyewe, imekaa ndani ya yule mtu mkubwa kama mtoto aliyevunja sahani na kujificha nyuma ya mlango. Yunus akalipa kiasi kilekile, na zamu iliyofuata mkono wake ukainuka wenyewe ukagonga meza mara mbili, la kwanza zito, la pili jepesi. Dodo akaangusha karata. Ilipofunguliwa karata ya mwisho, Yunus alisukuma rundo lote katikati akasema "tapis", yaani kila nilicho nacho, na Augustin akatazama uso wake kwa muda mrefu, akitafuta, kisha akatupa karata zake.

Yunus alikusanya pesa. Aliutafuta moyo wake, kwa udadisi tu, akaukuta unapiga taratibu kama wa mtu aliyelala. Alifurahi, au alijua kwamba hapo ndipo mtu angefurahi.

Tangu siku hiyo Dodo hakugawa tena mbele ya kiti kitupu, maana hakikuwa kitupu. Yunus alikaa hapo kila Jumapili. Akipoteza, hakukunja uso. Akishinda, hakuinua mdomo. Madereva wa kupita walimwita Bwana Ukuta. Alilipa deni la kodi, akamnunulia mkewe Mayimuna kitenge cha kweli, si cha kuchuja rangi, na kila mtu mtaani alisema goti lile lilivunjika kwa heri.

Ila Jumapili ile ya kwanza, aliporudi na kuzinyoosha ngumi mbili mbele ya Chadia, mtoto alimkazia macho usoni, na kicheko hakikuja. Alitazama muda mrefu. Akagusa shavu la baba yake kwa kidole, kama anayehakikisha. Kisha akataja mkono wa kulia, na peremende ilikuwa ya kushoto, na akalia kilio ambacho mtoto halii kwa sababu ya peremende.

Mayimuna aliuza maandazi sokoni mpaka jua lizame, hivyo jioni baba na mtoto walikula wao wawili kwanza, na Chadia ndiye aliyepakua bukari, ugali wa huko, mama yake aliyoiacha imefunikwa. Juma la pili alipanga sahani tatu. Yunus alidhani ya tatu ni ya mama. Lakini Chadia aliichukua kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kigoda kilichokuwa karibu na mlango, mahali ambapo hapakai mtu kwa sababu ya upepo.

"Ile sahani ni ya nani, mama?" Yunus akauliza, huko baba humwita binti yake mama.

"Ya ule bwana mwenye mulikuya naye," Chadia akanong'ona. "Kama hapana kumupa, anaangaliaka mu sahani yangu."

"Anasema nini?"

Chadia alikitazama kigoda. Na kutoka kwenye mbao za kigoda kikaja kishindo kidogo, mara mbili, la kwanza zito, la pili jepesi, na chumba kizima kikanuka shaba iliyolowa. Yunus alisikia vizuri kabisa. Aliona vinyweleo vimesimama kwenye mikono ya mtoto wake. Akamega bukari, akala. Mayimuna aliporudi, Yunus alikuwa amekwisha kuitoa ile sahani nje na kuwamwagia kuku, na kuku waliisogelea, wakainusa, wakarudi nyuma. Bukari ilikuwa haijapungua hata tonge, lakini haikuwa na harufu yoyote ya chakula. Jioni iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata, na Yunus hakumwambia mtu.

Alhamisi moja ambayo Mayimuna hakwenda sokoni, saa nane mchana, jua likiwa kali mlangoni, Chadia alishikwa na homa. Ilimpanda kwa saa moja tu, na katikati ya chakula mtoto akaanguka mkekani, akakakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikapigapiga chini, na Mayimuna akapiga magoti akimshika kichwa na kumwita jina, na kumwita Mungu, na kumwita Yunus, na alipoinua uso kumtafuta mumewe alimkuta amekaa palepale, ameinamisha kichwa upande, anamtazama mtoto kama mtu anayehesabu kitu kilicho mbali, kisha akaona mkono wa mumewe ukirudi kwenye sahani, ukamega, ukachovya, ukapeleka mdomoni. Yunus alikuwa amepima. Mtoto wa umri ule, homa ya namna ile, zahanati iko karibu: mara tatu kati ya nne hupona. Aliona si mbaya. Akaendelea kula.

Mayimuna alimbeba mtoto peke yake, akakimbia naye peku hadi zahanati, na kwa neema ya Mungu Chadia akapona. Siku ya tatu alipofumbua macho na kumwona baba yake amesimama kando ya kitanda, alifunika uso kwa shuka.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ambia ule bwana arudie kwabo. Baba akuye."

Mayimuna hakupiga kelele. Alimvuta Yunus hadi uani, akamwambia kwamba yeye atamchukua mtoto aende naye kwa ndugu zake Kasongo, na Yunus hatawaona tena, isipokuwa akubali kwenda kwa Mama Fatou leo hii. Yunus alimsoma, akaona hadanganyi. Alijua pia kwamba kulikuwa na wakati ambapo kumkosa Chadia kungemuua. Alilijua hilo kama mtu anavyolijua jina la mji ambao hajaufika. Akasema sawa, twende.

Mama Fatou alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona sare za shule kwenye baraza lake, na akimaliza sare huwasomea watu dua. Aliwapokea na pini mdomoni. Aliposikia habari ya kiti, na karata za kila Jumapili, na maneno ambayo Yunus aliyasema siku ya mvua, alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Muntu akikufa, anaenda," akasema. "Ile hapana Séraphin. Séraphin iko kwa Mungu wake. Lakini banye mulipanga kiti, mukaita jina, mukaweka fungu, kila siku ya Mungu, miezi tatu. Kitu ingine kilisikia, kikakuya kula. Na weye ukakikalia, ukasema uko pa nafasi yake. Unafikiri kinakula makuta, ile pesa? Kinakula ile ya moyo. Kupanda na kushuka kwako yote, njo chakula yake."

Akavuta kiti, akamsogelea Yunus, akashusha sauti. Akaeleza kwamba kitu cha namna hiyo hakifukuzwi kwa nguvu. Huondoka mahali kinaponyimwa. Lakini kikinyimwa hapa na kupewa kule, kinahama tu, na wanaokilisha huko ndio wanaokuwa wake.

"Sasa, unijibu ya kweli. Kuko pahali ingine kinapata fungu?"

Yunus alikifikiria kigoda karibu na mlango. Alifikiri kwa utulivu mkubwa. Aliona kwamba wakikitoa kile kitu kabisa, macho yale ya kuona hofu za watu yataondoka nacho, na yeye ni kilema wa goti, na Jumapili ndizo zinazomlisha. Akiacha kitu kidogo tu, kama mtu anayebakiza jetoni moja mfukoni, huenda akabaki na kidogo cha kuonea. Na juu ya yote hayo kulikuwa na mazoea: mchezaji haonyeshi karata ambayo hajalazimishwa kuionyesha. Mama Fatou alimtazama usoni. Wengi walikuwa wameutazama uso ule kabla yake.

"Hapana," Yunus akasema. "Ni pale tu."

Jumapili iliyofuata hakuna aliyecheza. Mansour alifunga mlango wa mbele. Mama Jeancy alikuja na kilemba cheusi, akakaa kwenye boksi la betri kwa kuwa alikataa kukaa kwenye kiti chochote cha meza ile. Mama Fatou aliwasha ubani kwenye chetezo, akaweka bakuli la kombe, maji aliyooshea aya alizoziandika kwa zafarani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Alimwagiza Mansour abadilishe zile jetoni, moja moja, mpaka ya mwisho, pesa aziweke mikononi mwa mjane. Na alimwagiza Yunus akae kwenye kiti, kwa kuwa aliyefungua ndiye afunge.

Mansour alianza. Kila jetoni iliyotoka mezani, harufu ya shaba ilizidi, mpaka ubani wenyewe ukashindwa, mpaka Clotilde akaziba pua kwa kitenge. Lilipobaki rundo dogo, meza iligongwa. Iligongwa kutoka chini, mara mbili, la kwanza zito, la pili jepesi. Mama Fatou hakuinua kichwa. Mansour aliondoa jetoni nyingine na meza ikagongwa tena, na akaondoa nyingine na ikagongwa tena, haraka zaidi, mpaka taa ikayumba na karata zilizokuwa ndani ya boksi lake zikaanza kutoka zenyewe, moja baada ya moja, zikiteleza juu ya kitambaa na kulala kifudifudi mbele ya Yunus, mbili, kisha mbili, kisha mbili, kama mgawaji aliyeingiwa na wazimu, na Dodo amejibanza ukutani mikono yake ikiwa mitupu, na Augustin, yule wa kicheko, anataja watakatifu wote wa parokia yake, na Yunus amekaa katikati ya hayo yote, ametulia tuli, anatazama.

"Sema," Mama Fatou akamnong'oneza.

"Minye haiko tena pa nafasi yake," Yunus akasema. "Séraphin hakuyi tena. Kiti hakuna mutu. Hakuna fungu."

Mama Jeancy akapokea pesa ya jetoni ya mwisho, akasema kwa sauti iliyokauka, "Bwana yangu alikufa. Mulikuwa munajua."

Mama Fatou akamwaga kombe juu ya kiti. Kiti kilipasuka mguu kwa kishindo, Yunus akaanguka chini, na hapo ndipo ilipomjia. Hofu yote aliyokosa kuihisi ilikuja kwa mara moja. Zilikuja Jumapili zote, kila kushuka na kila kupanda, na nyuma yake ikaja saa nane mchana ya Alhamisi, na mtoto wake anapigapiga chini mkekani, na mkono wake mwenyewe unarudi kwenye sahani. Alilia mpaka akatapika. Clotilde alimshika mabega kama mama. Aliogopa, aliona haya, alimpenda mtoto wake, na kila kimoja kilimuuma, na alishukuru kwa maumivu hayo.

Kiti walikichoma moto nyuma ya duka, na meza, na karata. Mama Fatou alikuwa anafunga mkoba wake alipogeuka tena kwa Yunus, akamuuliza kwa mara ya mwisho, hakikupata fungu mahali pengine? Yunus alikikumbuka kigoda, na safari hii alikikumbuka kwa hofu. Neno lilimfika kooni. Lakini watu wote walikuwa pale, na kusema kungekuwa kukiri kwamba alimdanganya yule mama juu ya mtoto wake mwenyewe. Na kitu kilikuwa kimetoka, wote walikisikia kikitoka. Na mchezo umekwisha, karata zimeungua. Akatikisa kichwa.

Alirudi nyumbani mbio, goti likimlalamikia, na njiani akanunua peremende. Mayimuna, aliyekuwa ameshapewa habari na Mama Fatou kwa simu, alikuwa jikoni anaimba, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi. Chadia alikaa mezani, amekonda kidogo kwa ile homa. Yunus akapiga magoti mbele yake, akanyoosha ngumi mbili. Machozi yalimtoka hata kabla hajaulizwa kitu.

Chadia alimtazama usoni kidogo tu. "Ya kushoto," akasema.

Ilikuwa ya kushoto. Yunus alicheka kwa sauti, akambusu mikono, akamwambia sasa ni zamu yake. Chadia akaichukua peremende, akapeleka mikono nyuma ya mgongo, akairudisha mbele ikiwa ngumi mbili. Yunus akamkazia macho usoni, akingojea mdomo wa chini uumwe, akingojea kicheko kitoke puani.

Uso wa mtoto ulikuwa mtulivu. Hakuuma mdomo. Yunus alitafuta kwenye macho, kwenye pua, kwenye mishipa ya shingo, mahali pote anapojua watu huvujia, na hakupata kitu, na taratibu, kupitia harufu ya mafuta yaliyokuwa yanachemka jikoni, akaanza kusikia harufu ya shaba iliyolowa. Karibu na mlango, kigoda kilikuwa hakina sahani. Sahani ya tatu ilikuwa mezani, mbele ya Chadia, pamoja na yake, na zote mbili zilikuwa tupu.

"Mukono gani, mama?" Yunus akanong'ona. "Saidia baba."

Chadia aliinua ngumi yake ya kulia, akagonga meza kwa kifundo cha kidole cha kati, mara mbili, la kwanza zito, la pili jepesi. Kisha akatulia, kwa subira ya mtu mzima, akimngoja baba yake acheze.